Mtoto Alizaliwa Mzima: Basi Kosa ni la Nani?



Safari hii tunaleta kwenu swali linaloulizwa katika nyumba nyingi, mara nyingi usiku, tena kwa sauti ya chini. Mtoto amezaliwa mzima, amenyonya vizuri, ameanza kucheka na kutambaa. Kisha, akifika miezi sita au minane, anaanza kuugua: vidole vinavimba, macho yanakuwa manjano, analia usiku kucha na homa haikomi. Ndipo watu huuliza: nani ametenda?

Tungependa kulijibu kwa kueleza habari ya chembe moja ya urithi iliyomo ndani ya mwili wa kila mmoja wetu, awe mzima au mgonjwa. Wataalamu wameipa jina la herufi na tarakimu, BCL11A. Jina hilo si la kukariri. Lakini kazi yake yafaa kila mzazi, kila mkwe na kila mwalimu aielewe, maana kwa kutoielewa watu wengi wamebebeshwa mzigo usio wao.

Kosa letu wenyewe

Yatupasa tuanze na kosa letu. Katika miaka ya 1990 tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, na chuo hicho kilikuwa na shule ya mazoezi ambamo wanachuo walijifunza kufundisha. Katika darasa la nne alikuwamo mtoto mmoja mwembamba, macho yake ya manjano, ambaye kila asubuhi ya Juni na Julai, upepo wa baridi wa uwanda huu ukivuma, alibaki nyuma kwenye mchakamchaka. Mara nyingine aliketi chini, akashika miguu yake na kulia. Tulimwita mvivu, tena mbele ya wenzake. Asubuhi moja tulimpa adhabu ya kumwagilia bustani yote. Aliifanya hadi mwisho, akalowa maji ya baridi, na usiku ule ule akapelekwa hospitali.

Siku ya tatu mama yake alikuja kumwombea ruhusa. Hakutulaumu. Alituambia kwamba watoto wake wawili waliotangulia walifariki kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwamba wote walizaliwa wazima, na kwamba ndugu wa mume wake walikwisha kuamua kuwa kuna mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ni yeye. Alikuwa amerudishwa kwao, na mtoto huyu mgongoni. Hospitali walimpima mtoto wakasema ana selimundu, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Lakini neno hilo halikumsaidia mbele ya wakwe zake, maana wao walikuwa na swali ambalo yeye hakuweza kulijibu. Akatuuliza sisi, kwa kuwa tulikuwa walimu: "Mwalimu, kama ni wa kuzaliwa nao, mbona alizaliwa mzima?"

Hatukujua. Tulimwambia ni mapenzi ya Mungu, tukaandika ruhusa, tukarudi darasani. Mtoto yule hakurudi muhula uliofuata.

Tumestaafu sasa, na muda wa kusoma tunao. Makala hii ni jibu la mama yule, lililochelewa miaka mingi.

Vitabu viwili na mwalimu wa zamu

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho himoglobini, kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini kote. Mwili huitengeneza kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa katika jeni, yaani chembe za urithi tulizopewa na baba na mama.

Tuzifananishe jeni na vitabu katika kabati la shule. Kila kitabu kina maagizo ya kutengeneza kitu kimoja. Mwili ukihitaji kitu hicho, hunakili kwanza ukurasa unaohusika, kama mwalimu anavyonakili somo ubaoni, na kitabu chenyewe hubaki kabatini. Ukurasa usiponakiliwa, kitu hakitengenezwi, hata kama maagizo yapo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mtu ana vitabu gani. Ni lazima kuuliza pia ni kitabu gani kimefunguliwa.

Kwa upande wa himoglobini, tunavyo vitabu viwili vya kutazama. Cha kwanza ni cha mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo hapumui mwenyewe. Oksijeni anaipata kutoka kwenye damu ya mama, na kwa sababu hiyo anahitaji himoglobini yenye nguvu zaidi ya kuivuta. Cha pili ni cha mtu aliyekwisha kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa, zaidi ya nusu ya himoglobini ya mtoto ni ile ya tumboni bado. Katika miezi inayofuata kitabu cha kwanza hufungwa polepole, na cha pili hufunguliwa. Kwa mtu mzima, himoglobini ya tumboni iliyobaki ni kidogo sana, kwa kawaida haifiki 2 katika 100.

Nani anayefunga kitabu cha kwanza? Hapa ndipo tunapokutana na BCL11A. Jeni hii hutoa maagizo ya kutengeneza protini ambayo kazi yake ni usimamizi. Protini hiyo hushika mahali penye jeni ya himoglobini ya tumboni na kuizuia isinakiliwe. Sisi walimu tutaielewa upesi: ni mwalimu wa zamu. Yeye hafundishi somo, bali hugonga kengele, hufunga kabati hili na kufungua njia kwa somo linalofuata. Kitabu cha kwanza hakichomwi wala hakichanwi. Kimo kabatini maisha yote ya mtu, na ufunguo anao mwalimu wa zamu.

Sasa, kwa mgonjwa wa selimundu, kitabu cha pili kina kosa la herufi moja tu. Himoglobini inayotokana na kosa hilo, ikishatoa oksijeni yake, hushikamana kama kamba, na chembe ya damu iliyopaswa kuwa laini na ya mviringo hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapotokea. Baridi na upungufu wa maji mwilini huyachochea. Tena huvunjika upesi. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, lakini chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Upungufu wa damu na macho ya manjano hutokana na hilo.

Basi jibu la mama yule ni hili. Kosa lilikuwamo tangu mimba ilipotungwa, lakini kitabu chenye kosa kilikuwa bado hakijatumika sana. Mtoto alizaliwa akiishi kwa himoglobini ya tumboni, ambayo ni nzima na haipindi. Miezi ile ya kwanza alikuwa ndani ya ulinzi. Kisha mwalimu wa zamu akagonga kengele, kama anavyogonga katika mwili wa kila mtoto duniani, na ulinzi ukapungua. Hakuna mtu aliyefanya jambo lolote katika miezi ile. Hakuna aliyetazama vibaya, hakuna aliyeweka kitu mlangoni, na maziwa ya mama hayakuwa na kasoro.

Baba na mama

Liko jambo la pili ambalo wakwe za mama yule hawakulijua. Kila mtu ana nakala mbili za kile kitabu cha pili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliye na nakala moja nzima na moja yenye kosa kwa kawaida haugui, na aweza kufikia uzee bila kujua. Wakioana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba iko nafasi 1 kati ya 4 kwamba mtoto atapata nakala mbili zenye kosa, naye ndiye atakayeugua. Nafasi 2 kati ya 4 atakuwa kama wazazi wake, na nafasi 1 kati ya 4 hatakuwa na kosa hilo kabisa. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Wako wazazi waliopata watoto wanne wazima, na wako waliopata wagonjwa watatu mfululizo.

Mtoto hapati nakala zote mbili kutoka kwa mama. Moja imetoka kwa baba. Wale waliomrudisha mama yule kwao walirudisha nusu ya sababu, na nusu ya pili wakabaki nayo nyumbani.

Wala nakala hiyo si laana ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na damu za watu wa Afrika Mashariki kwamba mwenye nakala moja tu yenye kosa anakingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali. Ndiyo maana hali hiyo imeenea mahali palipokuwa na malaria nyingi. Babu zetu wengine waliishi na kuzaa kwa sababu ya nakala ile ile inayomuumiza mjukuu akiipata mara mbili. Huku Ugogoni kwenye ukame haikuenea kama kule Ziwa na Pwani. Lakini tangu Serikali ihamie Dodoma mji umejaa watu wa kila mkoa, na hapa Hombolo penyewe Chuo cha Serikali za Mitaa kinawakutanisha vijana kutoka pande zote. Wanapendana na kuoana, na hilo ni jema. Ila hatuwezi tena kusema kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa mbali. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika Tanzania.

Nafasi ambayo lawama hupenda kukaa

Tumejiuliza kwa nini ugonjwa huu umezaa lawama nyingi kiasi hiki. Mtoto akizaliwa na kilema kinachoonekana, watu husikitika, lakini wengi hukubali kwamba amezaliwa nacho. Selimundu inangoja. Kati ya chanzo na dalili kuna miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mambo mengi hutokea nyumbani: jirani amegombana na mama, shangazi amekuja kumbeba mtoto, mama amerudi shambani mapema. Mtu anayetafuta mkosaji hamkosi. Nafasi ile iliyo wazi kati ya chanzo na dalili hujazwa na jina la mtu, na mara nyingi ni jina la mtu asiye na wa kumtetea.

Sisi wa Hombolo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Kwetu hapa palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichoangaliwa na Kanisa letu, na wazee wanakumbuka jinsi wagonjwa walivyofika, wengine wakiwa wameachwa na jamaa zao. Ukoma nao unangoja: tangu vijidudu viingie mwilini hadi alama ya kwanza ionekane kwenye ngozi yaweza kupita miaka mingi. Katika miaka hiyo watu walijaza majina, wakasema huyu amelogwa, au yule ametenda dhambi ya siri. Vijidudu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuonekana tangu mwaka 1873, na daktari Hansen wa Norway. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri matumizi ya dawa kadhaa kwa pamoja, na wagonjwa wakapona. Lawama zote zile hazikumponya hata mmoja, wala hatujasikia waliolaumu wakienda kuwaomba radhi.

Maandiko nayo yanalifahamu swali hili. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi walitaka kujua kama kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, na Bwana wetu alikataa yote mawili. Na sisi tunaolima zabibu tukumbuke sura ya 18 ya Ezekieli, ambapo watu walikatazwa kuendelea na ile mithali yao iliyowafanya watoto kuumwa meno kwa zabibu zilizoliwa na baba zao. Lakini tunakiri kwamba tuliyajua maandiko hayo siku ile mama alipokuja, na hayakutuzuia kumpa jibu la uvivu. Tulilitaja jina la Mungu ili kufunika ujinga wetu. Tunaposema "ni mapenzi ya Mungu" kwa sababu hatutaki kujisumbua kutafuta, tunamfanya Mungu naye kuwa mtuhumiwa, kama wale wakwe walivyomfanya mama.

Kama hakuna mkosaji, je, hakuna wajibu?

Msomaji mmoja aweza kusema: mmetuondolea mchawi, mmetuondolea mama, hata huyo BCL11A mmesema anafanya kazi yake kwa uaminifu. Basi kama hakuna mkosaji, tukae tu?

Hapana. Lawama na wajibu si kitu kimoja. Upepo ukiezua paa la darasa usiku, hakuna mwalimu aliyekosa. Lakini asubuhi akiwaacha wanafunzi wanyeshewe na mvua, huku chumba kingine kipo, hapo amekosa. Kosa halikuwa katika jambo lililotokea, bali katika alilofanya baada ya kujua. Ndivyo ilivyo kwa damu. Hakuna aliyechagua nakala aliyopewa, lakini kila anayejua ana la kufanya.

Na kujua huku kumekuja hatua kwa hatua. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe zilizopinda. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona kwamba watoto wachanga wana chembe chache tu za namna hiyo, akatoa wazo kwamba himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Baadaye walionekana wagonjwa wa mashariki ya Saudi Arabia ambao ndani yao himoglobini ya tumboni ilibaki nyingi kuliko kawaida, na ugonjwa wao ukawa mwepesi. Hivyo watafiti waliuliza: ni nani anayefunga kitabu kile? Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Uingereza, Italia na Marekani, miongoni mwao Swee Lay Thein na Stuart Orkin, walifika kwenye BCL11A. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walitoa matokeo yaliyotokana na damu za wagonjwa wa Tanzania pamoja na wa Uingereza. Ilionekana kwamba kwa Watanzania pia, tofauti ndogo katika jeni hiyo zinachangia kiasi cha himoglobini ya tumboni kinachobaki mwilini.

Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba inayotumia ujuzi huo, na Desemba Marekani ikafuata. Madaktari hutoa chembe mama za damu za mgonjwa, kisha hukata sehemu ndogo ya BCL11A inayoiamsha katika kazi ya damu nyekundu peke yake. Hawaiharibu jeni yote, kwa kuwa ina kazi nyingine mwilini, hasa katika ubongo. Mtoto anayezaliwa na nakala yake moja iliyoharibika huchelewa katika kukua na kuelewa. Wanachofanya ni kumwondolea mwalimu wa zamu ile zamu moja tu. Baada ya dawa kali za kuondoa chembe za zamani, chembe zilizotengenezwa hurudishwa mwilini, na kitabu cha kwanza hufunguka tena. Kile kitabu cha pili chenye kosa hakikuguswa. Mgonjwa anasaidiwa na himoglobini aliyokuwa nayo kabla hajazaliwa.

Tiba hiyo Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapa swali la kosa linarudi kwa sura nyingine. Kuugua kwa mtoto si kosa la mtu. Lakini ikiwa dawa ipo, na damu za wagonjwa wetu ni miongoni mwa zilizochangia kuuthibitisha ujuzi huo, na wengi wa wanaouhitaji wako Afrika, basi kuwekewa mbali nao ni tendo la watu, na watu wataulizwa. Hatusemi waliotengeneza wasilipwe. Tunasema kwamba katika jambo hili maneno "ni mapenzi ya Mungu" yatakuwa ya uongo mara mbili.

Hata hivyo tusitumie bei hiyo kama kisingizio cha kutofanya yaliyo karibu. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea, ambayo huongeza himoglobini ya tumboni. Watoto walijaribiwa nayo Kilifi katika Kenya, Mbale katika Uganda, Kinshasa na Luanda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria na vifo vilipungua. Penisilini ya kila siku katika miaka mitano ya kwanza, chanjo, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha na nguo za joto huokoa watoto wengi. Na hapo Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa imewafanyia watoto wenye selimundu upandikizaji wa uloto.

Yatupasayo

Tungependa kuyaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza ni kwa wachumba. Pimeni damu mapema, kabla ya posa, si wiki moja kabla ya arusi wakati kadi zimekwisha kugawiwa. Wako wanaotuambia kwamba kujua kutavunja upendo. Tunajibu kwamba asiyejua hajachagua, amebahatisha tu. Hatusemi mzee wa kanisa au mchungaji awakataze wawili waliojua na kukubaliana. Uamuzi ni wao, kwa kuwa usiku wa kubeba mtoto anayelia ni wao. Lakini anayejua hali yake na kumficha mwenzake, huyo ametenda kosa, na hapo neno hilo linamfaa.

La pili ni kwa wakwe na wazee. Mkikaa kikao juu ya mtoto mgonjwa, mtu wa kwanza kuitwa awe mganga wa zahanati. Na mkishapata majibu, msimpime mama peke yake.

La tatu ni kwa walimu wenzetu. Mtoto anayebaki nyuma siku za baridi, mwenye macho ya manjano, anayeomba kwenda kunywa maji mara kwa mara, mwulizeni kabla hamjamhukumu. Mpeni sweta, mwacheni akae darasani, mwiteni mzazi. Sisi tulikuwa na shahada ya kufundisha walimu, na hatukuuliza.

La nne ni kwa mtaa wetu. Tarehe 19 Juni kila mwaka ni siku ya selimundu duniani, nayo huangukia majira yetu ya baridi. Tunaomba siku hiyo, au Jumapili iliyo karibu, Umoja wa Mama na vijana wamwalike mtaalamu aje kueleza mambo haya baada ya ibada, na waliofiwa na watoto namna hii wapewe nafasi ya kusema. Wako miongoni mwetu, ingawa wengi hawajapata kumwambia mtu.

Hatujui mama yule yuko wapi leo. Kama yu hai ni bibi mzee. Kama gazeti hili litamfikia, au litamfikia mtu anayemjua, tunaomba aambiwe hivi: Mama, mtoto alizaliwa mzima kwa kuwa alikuwa bado anaishi kwa damu ya tumboni, na damu hiyo haikuwa na kasoro. Baadaye mwili wake ulifunga mlango ule, kama miili yetu sote inavyofanya. Wewe hukufanya kitu. Aliyekosa asubuhi ile ya baridi, akiwa na ndoo ya maji mbele yake, alikuwa mwalimu. Tunakuomba radhi.